Mfugaji Asiyesemeshwa: Uhakiki wa Insha ya Aldo Leopold juu ya Mbwa Mwitu, na Tatizo la Kuifasiri

Miongoni mwa maandishi mafupi ya karne ya 20 yaliyogeuza mawazo ya watu kuhusu wanyama wa mwituni, insha ya Mmarekani Aldo Leopold, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita "Kufikiri kama Mlima", ina nafasi ya mbele kabisa. Iliandikwa mwaka 1944, ikachapishwa mwaka 1949 katika kitabu A Sand County Almanac, mwaka mmoja baada ya mwandishi wake kufariki alipokuwa akisaidia kuzima moto wa nyasi katika shamba la jirani. Ni insha ya kurasa chache tu. Wahakiki wengi wameisifu, nami sikusudii kuipunguzia sifa hiyo. Ninalokusudia katika makala haya ni kuonyesha kwamba uzuri wa insha hii umejengwa juu ya ukimya wa mhusika mmoja, yaani mfugaji wa ng'ombe, na kwamba ukimya huo haukuishia katika fasihi. Umeingia katika lugha ya ofisi zinazoamua mbwa mwitu waishi wapi, wawe wangapi, na gharama yao aibebe nani.

Jambo hili nimelifikia kwa njia ya tafsiri. Insha hii tumekuwa tukiifasiri na wanafunzi wa somo la tafsiri, na kila mara tulipokwama, tulikwama mahali palepale ambapo mwandishi mwenyewe, kwa Kiingereza, amepita kwa wepesi. Tafsiri ina faida hiyo: humkataza mtu kuruka neno.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuisoma, muhtasari wafaa. Insha yaanza kwa mlio wa mbwa mwitu usiku. Mwandishi aorodhesha wanaousikia mlio huo na kila mmoja auelewavyo: ayala aogopa nafsi yake, mfugaji ahesabu hasara itakayomfuata hadi benki, mwindaji aona ushindani. Ni mlima peke yake, asema, ulioishi miaka ya kutosha kuusikiliza mlio huo bila upendeleo. Kisha aja kwenye tukio. Yeye na wenzake wako juu ya jabali wakila chakula cha mchana, waona mnyama avuka mto chini yao. Wadhani ni ayala. Kumbe ni mbwa mwitu jike, na watoto wake waja kumlaki. Wapiga risasi ovyo. Wateremka na kumkuta yule mama akikata roho, na kijana Leopold atazama macho yake, aona rangi ya kijani ikizimika humo. Wakati ule aliamini kwamba mbwa mwitu wakipungua ayala wataongezeka, na kwamba mbwa mwitu wakimalizika kabisa nchi itakuwa pepo ya wawindaji. Baadaye akaona jimbo baada ya jimbo likiwamaliza mbwa mwitu wake, ayala wakazidi, wakala kila chipukizi mlimani hata wakafa njaa wao wenyewe. Mfugaji naye, amalizia, hajui kwamba amwondoapo mbwa mwitu huitwaa kazi yake ya kupunguza kundi lilingane na malisho. Ndiyo maana ardhi huwa vumbi na mito huchukua udongo baharini.

Kwa upande wa fani, hii ni toba. Ina sehemu zote za toba: dhambi, ishara, uongofu, na mawaidha kwa wengine. Tukio lenyewe lilitokea mwaka 1909, Leopold alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mbili aliyetoka masomoni na kuajiriwa na Idara ya Misitu huko Arizona. Kati ya tukio na maandishi ipo miaka 35. Katika sehemu ya kwanza ya miaka hiyo alikuwa mhubiri wa upande wa pili: kuanzia mwaka 1915 hivi, huko New Mexico, alihimiza wanyama wala nyama waangamizwe, na wala hakulifanya hilo peke yake. Aliwataka wawindaji na wafugaji waungane, akiwaambia kwamba adui yao ni mmoja. Hata hiyo toba yenyewe hakuianza kwa hiari yake tupu. Rafiki na mwanafunzi wake Albert Hochbaum, mchoraji na mtaalamu wa ndege, alimwambia katika barua zao kwamba maandishi yake yalikuwa yakiwalaumu wengine bila yeye kukiri alivyoshiriki. Leopold alisikia, akaandika.

Basi tazama kilichotokea. Mwaka 1915 walikuwapo washirika watatu: ofisa wa serikali, mwindaji, na mfugaji. Mwaka 1944 ofisa na mwindaji wamekuwa mtu mmoja, naye ametubu na kusamehewa na msomaji. Mfugaji amebaki peke yake kizimbani. Katika insha nzima atokea kwa ufupi tu: kwanza katika orodha ya wasikilizaji, kisha katika sentensi chache za hukumu. Hana jina, hana usiku wa kukesha, hana ndama aliyeraruliwa. Mwindaji amepewa jabali, mto, bunduki, na macho ya kutazama. Mfugaji amepewa daftari la benki. Hata insha haitwambii kwamba wale vijana juu ya jabali walikuwa kazini kwa mshahara. Kwa maneno mengine, aliyetubu hakupoteza kitu, na yule ambaye angepoteza hakuulizwa.

Niliisoma insha hii mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili huko Wisconsin, jimbo ambalo Leopold alifundisha na kufia. Katika semina yetu alikuwamo binti mmoja wa ukoo wa wafuga ng'ombe wa maziwa. Wenzake walipomaliza kuisifu ile rangi ya kijani, aliuliza kwa nini mlima una sikio na mtu wa ng'ombe hana mdomo. Mwalimu alicheka kwa upole, mjadala ukaendelea na mambo ya mtindo. Miaka ile serikali ya jimbo ilikuwa imeruhusu uwindaji wa mbwa mwitu, na nje ya ukumbi wetu watu walikuwa hawasemezani kwa ajili ya jambo hilo. Swali la binti yule laonekana kwangu kuwa swali la kihakiki kuliko yote niliyoyasikia muhula ule.

Kwani mlima ni nani? Hapa ndipo wanafunzi wangu walipogawanyika kwanza, na wakagawanyika juu ya kiambishi. Wako waliofasiri "mlima anafikiri" na wako waliofasiri "mlima unafikiri". Msomaji ataona kwamba tofauti hii si ya mapambo. Katika ngano zetu, jiwe, mti au mtungi ukipewa akili huhamishiwa katika upatanisho wa viumbe wenye uhai: husemwa "Jiwe akajibu". Tukifasiri kwa "a-" tumemwingiza Leopold katika ngano, na msomaji atajua kwamba anayesema ni msimulizi aliyejificha nyuma ya jiwe. Tukifasiri kwa "u-" mlima unabaki mlima, na madai kwamba unafikiri yanakuwa madai ya mtu juu ya kitu, yanayodai ushahidi. Kiingereza hakimlazimishi mwandishi kuchagua. Chamruhusu awe katika ngano na katika sayansi kwa wakati mmoja. Nguvu ya insha yatoka hapo, na udhaifu wake pia. Mlima hausemi. Anayeusemea ni mwandishi, na baada ya mwandishi ni mtaalamu wa wanyama aliyeajiriwa na serikali, na baada yake ni mpiga kura wa mjini. Mfugaji akibisha, haambiwi kwamba ambishia Leopold. Aambiwa kwamba hajajifunza kuusikia mlima.

Hata ushahidi wa kisayansi wa insha haukusimama bila kutikiswa. Mfano mkubwa uliokuwa katika fikira za watu wa wakati ule ni uwanda wa Kaibab, Arizona, ambako ayala walizidi sana na kufa baada ya wanyama wala nyama kuuawa. Mwaka 1970 Graeme Caughley alionyesha kwamba hesabu za ayala wa Kaibab zilitegemea makisio yasiyoaminika, na kwamba mambo mengine yalibadilika wakati uleule, kama vile kupunguzwa kwa kondoo na ng'ombe waliolishwa pale. Watafiti wa baadaye wamerudisha sehemu ya hoja ya Leopold. Mimi si mtaalamu wa mambo hayo na siyaamui. Lakini mhakiki ana haki ya kutambua kwamba sauti ya mlima ilisema kwa uhakika zaidi kuliko daftari la hesabu lilivyoruhusu.

Haki nyingine ni ya Leopold mwenyewe. Insha hii si Leopold mzima, na wanaoifundisha peke yake wanamdhulumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alishiriki katika mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo huko Coon Valley, Wisconsin, ambako mafanikio yote yalitegemea makubaliano na wakulima, shamba kwa shamba. Mwaka 1935 alinunua shamba lililochoka, akapanda miti kwa mikono yake na familia yake. Mwaka 1943 aliingia katika tume ya hifadhi ya jimbo, akakutana uso kwa uso na hasira za watu wa kaskazini kwa kuunga mkono kwamba ayala majike nao wapunguzwe kwa risasi. Susan Flader, katika kitabu chake cha mwaka 1974 chenye jina lilelile la insha, amefuatilia kwa undani jinsi mawazo yake juu ya ayala na mbwa mwitu yalivyobadilika polepole na kwa kusitasita. Polepole hiyo haimo katika insha. Fani ya toba haivumilii polepole. Yataka mtu aanguke kutoka juu ya farasi mchana mmoja na kuinuka mwingine. Kwa hiyo sisemi kwamba Leopold hakumjua mkulima. Nasema kwamba alimjua, na fani aliyoichagua ikamfukuza.

Waliomfuata si wa daraja moja. Farley Mowat wa Kanada, katika Never Cry Wolf ya mwaka 1963, alimfanya mbwa mwitu kuwa jirani mpole mla panya, na maofisa na wategaji wakawa vikaragosi. Kitabu kilipendwa mno na kikafanywa filamu mwaka 1983, ingawa wanasayansi wa nchi yake walilalamika tangu mwanzo kwamba kimechanganya hadithi na taarifa. Kwa uhakiki hakidai mengi. Barry Lopez ni mtu mwingine. Of Wolves and Men, kilichotoka mwaka 1978, kimegawa maarifa baina ya wanasayansi, Wanunamiut wa Alaska, wafugaji, na watu wa Ulaya ya kale, na hakuna anayepewa ufunguo wa nyumba yote. Lopez aeleza ukatili uliopita kiasi ambao mbwa mwitu walitendewa, lakini hamfanyi mfugaji kuwa kikaragosi. Akubali kwamba hasara ya mifugo ilikuwa hasara ya kweli. Lau ningelazimika kuchagua kitabu kimoja cha kufasiriwa chote, ningechagua hiki. Walakini ni insha ya Leopold iliyoingia katika vitabu vya shule, na ndiyo iliyoipa lugha ya umma umbo lake.

Tuigeukie basi lugha hiyo. Maofisa wa wanyama wa Marekani hutumia kwa kuua neno lile wakulima walitumialo kwa kukusanya mazao. Katika taarifa zao, mbwa mwitu waliopigwa risasi ni mavuno, na kiwango kilichoruhusiwa ni kiwango cha mavuno. Kwa Kiswahili neno hili lakataa kukaa. Mtu huvuna alichopanda, au walau alichokitunza. Hata mvuna asali hutundika mzinga kwanza. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "kuvuna mbwa mwitu", darasa zima likacheka, na kicheko kile kilikuwa uhakiki tosha. Vivyo hivyo kwa neno la usimamizi. Tukisema "kuwasimamia", tumesimama juu yao kama mnyapara. Tukisema "kuwadhibiti", tumewafanya hatari. Tukisema "kuwatunza", tumewafanya mali yetu, na mkulima ana haki ya kuuliza kwa nini mali yetu inakula mali yake. Kila kitenzi ni hukumu tayari, na ofisi yajidai haijahukumu.

Tena kuna upatanisho. Mbwa mwitu kwetu, ingawa jina lake limeingia katika ngeli ya N, hupatanishwa kama mtu: "amekufa", "wameondoka". Lakini taarifa za ofisi hazizungumzii mbwa mwitu. Huzungumzia idadi, na idadi "imepungua" au "imeongezwa". Mnyama amegeuzwa kitu bila mtu kugusa sarufi yake. Mfugaji naye amegeuzwa hivyohivyo: maandishi ya usimamizi hutaja kiwango cha uvumilivu wa jamii, kana kwamba uvumilivu ni kina cha maji kinachopimwa kwa fimbo. Mtu aliyepoteza ndama watatu haonekani katika msemo huo, kama asivyoonekana katika insha.

Wisconsin yenyewe ni mfano wa kutosha. Kuanzia mwaka 1865 jimbo lililipa zawadi ya fedha kwa mbwa mwitu waliouawa. Zawadi hiyo ilikomeshwa mwaka 1957, na kufikia mwaka 1960 mbwa mwitu walihesabiwa kuwa wamekwisha. Katikati ya miaka ya 1970 walianza kurudi wenyewe kutoka Minnesota, bila kubebwa na mtu. Mpango wa serikali wa mwaka 1999 uliweka lengo la 350 nje ya maeneo ya makabila ya wenyeji. Tarakimu hii, iliyotungwa na wataalamu, iligeuka kuwa ahadi katika vinywa vya wafugaji na wawindaji wa kaskazini: tuliambiwa 350. Mbwa mwitu walipozidi hapo, kila mwaka uliopita ulikuwa mwaka wa ahadi iliyovunjwa. Sheria ya mwaka 2012 iliamuru pawe na majira ya kuwinda kila mara mbwa mwitu wasipokuwa chini ya ulinzi wa serikali kuu; wakawindwa mwaka 2012, 2013 na 2014, hata amri ya mahakama ikawarudisha katika ulinzi Desemba 2014. Waliondolewa tena Januari 2021. Chama cha wawindaji kikaenda mahakamani kudai uwindaji ufanywe mara moja, na ukafanywa mwezi wa Februari, wakati wa kupandana, kwa msaada wa mbwa wa kuwindia, jambo ambalo wakati huo Wisconsin peke yake ililiruhusu. Kiwango cha wawindaji wa jimbo kilikuwa 119. Katika muda usiotimia siku tatu waliuawa 218.

Tarakimu hizo mbili zimeandikwa sana, na kila upande hujua la kuzifanyia. Jambo lisiloandikwa vya kutosha ni kwamba wengi walioshangilia hawakuwa wafuga ng'ombe. Walikuwa wawindaji wa dubu, ambao mbwa wao huuawa na mbwa mwitu wakati wa mazoezi msituni na ambao jimbo huwalipa fidia ya hadi dola 2,500 kwa mbwa mmoja. Malalamiko yao ni ya kweli kwao, lakini si yale ya mwenye zizi. Nao wahifadhi wa mijini waliposhutumu, waliwashutumu "watu wa vijijini" kwa jumla, kama kwamba kijiji kina mdomo mmoja. Ni ile orodha ya Leopold tena: mfugaji na mwindaji wamewekwa bega kwa bega, tofauti zao zikafutwa, kisha mlima ukawekwa juu yao. Mwaka 2023 jimbo lilipitisha mpango mpya usio na tarakimu moja ya lengo, na wafugaji walilalamika. Wataalamu walijibu kwa hoja nzuri za kielimu. Lakini mtu akiwa ameahidiwa namba kwa miaka 24, hapewi namba kwa kuelezwa kwamba namba ni dhana duni.

Katika misitu hiyohiyo wanaishi Waojibwe, ambao kwa mikataba ya mwaka 1837 na 1842 walibakiza haki zao za kuwinda katika ardhi waliyoitoa. Mwaka 2021 walitengewa mbwa mwitu 81, juu ya ile 119 ya jimbo. Hawakuwaua. Kwao ma'iingan ni ndugu aliyetembea na mtu wa kwanza kuzunguka dunia, na kila litakalompata mmoja litampata na mwenziwe. Ofisi ilisoma kitendo chao kama mavuno ambayo hayakuvunwa. Wao walikuwa wametumia haki yao kwa kuwaacha hai. Nawataja hapa kwa sababu ya kilugha. Lugha yao, kama yetu, hugawa majina kwa uhai na kutokuwa na uhai, na mgawanyo huo huenea hadi kwenye kitenzi. Sitaki kudai kwamba sarufi huzaa huruma. Sisi tuna upatanisho wa "a-wa" na tumeua wanyama wengi tukiupatanisha vizuri kabisa. Lakini hadithi ya Waojibwe ina jambo ambalo insha ya Leopold haina: mtu na mbwa mwitu ni wahusika wawili walio sawa, wanaotendwa pamoja, na hakuna wa tatu juu yao anayejua zaidi.

Huko Colorado mambo yalikwenda kwa njia ya kura. Mwezi wa Novemba 2020 wapiga kura waliamua, kwa tofauti ndogo isiyofika sehemu mbili katika mia, kwamba mbwa mwitu warudishwe upande wa magharibi wa milima. Kura za ndiyo zilitoka zaidi mijini, mashariki ya milima. Wilaya nyingi za magharibi, ambako wanyama wangeachiliwa, zilikataa. Kumi wa kwanza waliletwa kutoka Oregon Desemba 2023. Sina shaka wengi waliopiga kura ile walikuwa wamemsoma Leopold, au wamefundishwa na waliomsoma.

Sasa kwetu. Huenda msomaji ameuliza tangu mwanzo kwa nini nimemwita mnyama huyu mbwa mwitu. Nimefanya hivyo kwa sababu wafasiri wa Biblia walifanya hivyo, na jina likashika. Lakini mbwa mwitu wa Afrika Mashariki ni mnyama mwingine: mwenye madoa, masikio ya mviringo, na vidole vinne kila mguu, wa ukoo ulio mbali na ule wa mbwa wa nyumbani. Yafaa tulinganishe mbinu mbili za wafasiri walewale. Walipokutana na ayala, mnyama asiyekuwapo kwetu, walikopa neno la Kisemiti na kumwacha awe mgeni. Walipokutana na yule mla kondoo wa Palestina, walimpa jina la mnyama wetu, na pamoja na jina wakampa mnyama wetu tabia zote za yule: ulafi, hila, na ngozi ya kondoo ya kujificha. Mbwa mwitu wetu hakuwahi kushtakiwa kwa unafiki hadi alipofasiriwa.

Kejeli ni kwamba mnyama wa ukoo ule tulikuwa naye. Mwaka 2015 uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba yule bweha wa rangi ya dhahabu aonekanaye Serengeti na sehemu za Kenya ni spishi ya peke yake, aliye karibu zaidi na mbwa mwitu wa kaskazini kuliko na bweha wa Asia aliyedhaniwa kuwa ndugu yake. Kwa hiyo tumemwita mbwa mwitu asiye, na aliye tumemwita bweha. Sipendekezi kamusi zibadilishwe kesho. Napendekeza mfasiri wa maandishi ya aina hii aseme "mbwa mwitu wa kaskazini" anapomtaja mara ya kwanza, na asione haya kukumbusha.

Hili si suala la kamusi tu. Mbwa mwitu wetu aliuawa kama mharibifu na maofisa wa kikoloni, na leo ni miongoni mwa wanyama wala nyama walio hatarini zaidi barani. Walirudi wenyewe Laikipia mwanzoni mwa karne hii, kama wale wa Wisconsin, na mwaka 2017 ugonjwa wa mbwa uliwafagia karibu wote. Utafiti uliofanywa kaskazini ya Kenya umeonyesha kwamba, mahali ambapo wanyama wa porini bado wapo, mbwa mwitu huchukua mifugo michache mno. Wanyama hao wakiisha, hasara huwa kubwa. Tena mifugo huwa salama zaidi inapochungwa mchana na watu na kulazwa usiku katika boma imara. Haya aliyajua mchungaji Msamburu kabla ya kuulizwa, nayo yameandikwa na wataalamu waliokuwa na busara ya kutembea naye.

Ndipo narudi kwenye neno la Leopold lililotukwamisha kuliko yote, lile la mtu wa ng'ombe. Kiswahili kina maneno mawili hapo. Mfugaji ni mwenye mifugo, na aweza kuwa mjini. Mchungaji ni anayekwenda nayo, jua na mvua, fimbo mkononi. Wanafunzi wangu karibu wote waliandika mchungaji, kwa sababu hawakuweza kuwaza ng'ombe mlimani bila mtu karibu yao, na kwa sababu mtu ausikiaye mlio wa usiku kwa fikira zao ni yule aliyelala mlangoni pa boma. Nimeyafuta yote na kuandika mfugaji. Katika malisho ya Arizona ya mwaka 1909 ng'ombe walizurura peke yao nyanda nzima, wakakusanywa kwa majira, na mwenyewe akajua hasara yake kwa hesabu. Leopold alikuwa mkweli zaidi ya alivyokusudia alipompa benki badala ya usiku. Lakini mwanafunzi mmoja hakuridhika na kalamu yangu nyekundu. Pembeni mwa karatasi aliandika kwamba, kama hakuna mchungaji katika insha nzima, basi kazi ambayo mwandishi asema mfugaji amemnyang'anya mbwa mwitu ilikuwa haina mtu tangu mwanzo, na kwamba mlima ungekuwa umelijua hilo kama kweli ulikuwa ukisikiliza. Sijamjibu bado, tafsiri yetu imesimama katika aya hiyo.